Mgawa Maji wa Danane

Herndon, Virginia
Jumapili

Kwa Baba yangu mheshimiwa, Mwalimu Athmani Shee,
Mombasa.

Assalaam alaykum wa rahmatullah.

Baba, nakuamkia kwa adabu uliyonifunza mwenyewe, na natumai barua hii itakukuta umekaa barazani baada ya swala ya alasiri, presha imeshuka, na goti la kushoto limekupa nafuu. Nimesikia kikohozi cha Mama kimemwachia, alhamdulillahi. Mimi kwa upande wa mwili sina dosari. Kazi niliyokuarifu, ya utafiti wa sera katika taasisi moja ya hapa Washington, nimethibitishwa, na mkuu wangu amesema mbele ya wenzangu kwamba maandishi yangu yamekomaa kuliko umri wangu. Sikuelezi hayo kwa kujigamba. Nataka ujue kwamba barua hii imeandikwa na mtu aliyepima kila neno. Hasira ninayo, tena nyingi, lakini haikuandika badala yangu.

Umenipigia simu mara nyingi, nami sikushika. Umemwambia Ami Mwadini kwamba Marekani imeniotesha mapembe. Sikushika kwa sababu kwenye simu wewe ni bingwa wa kumkata mtu kauli. Barua haikatiki. Isome yote, kisha unilaani ukipenda.

Posa ya Hayat ilipelekwa kwa utaratibu wetu kama ulivyoagiza. Kwao ni Annandale, na wazazi wake wamefariki, kwa hiyo wazee waliotupokea ni nyanyake, Bibi Zeyneba, na mjombake, Jemal. Upande wetu tulikuwa Ami Mwadini kama msemaji, Shangazi Rahma, mimi, na Yumna binti wa Ami, ambaye ndiye aliyetuendesha kutoka kwao Gaithersburg. Uliagiza pia nishani ya Babu itolewe mbele ya wazee hao, ili, kwa maneno yako, Wahabeshi wajue kwamba hawaozi kwa watu wa kuokota. Ukaituma kwa mkono wa msafiri, imefungwa katika kitambaa cha hariri. Ilikuwa ni ile ile niliyokua nikiiona ukutani sebuleni: bunda la fito lililofungwa kamba, na shoka limechomoza pembeni. Utotoni nilikuuliza ni nini, ukanijibu kwamba ni alama ya mafundi.

Mwanzo ulikuwa mwema kupita tulivyotarajia. Nyumba ilinukia ubani na buni iliyokaangwa mbele yetu. Hayat alipoleta sinia la bisi, Ami akashangaa kwa sauti, akauliza kama tumekuja kuposa au kutazama sinema. Nikalitafsiri kwa Kiingereza, Jemal akacheka mpaka akashika mbavu, akajibu kwamba filamu ya kumwoa mpwa wake ni ndefu na tiketi zake hazirudishwi. Bibi Zeyneba hakujua Kiingereza wala Kiswahili. Jemal alimgeuzia kila neno kwa Kiamhari, naye akatabasamu na kumwagiza Hayat ammiminie yule mcheshi kikombe cha kwanza. Nami nilimtazama Hayat akimimina, nikajiona nimeshafika.

Ndipo Ami akasimama kutaja nasaba. Akaeleza kwamba sisi asili yetu ni Kismayu, watu wa dini na bahari, na kwamba Babu Shee alisifika enzi za Mtaliano kwa jina la Mgawa Maji, maana aliwanywesha wafungwa katika kambi ya serikali. Akasema, kama ulivyomfundisha kusema, kwamba hakuna sadaka inayoshinda maji, na kwamba baraka ya maji yale ndiyo iliyotusomesha sote. Jemal akauliza kwa uungwana kambi hiyo ilikuwa wapi. Ami akajibu ilikuwa kusini ya Mogadishu, mahali pakiitwa Danane. Kisha akaifungua hariri, akamkabidhi Bibi Zeyneba nishani kwa mikono miwili.

Baba, jina la Danane mimi nililisikia pale kwa mara ya kwanza. Kwetu ilikuwa ikisemwa kambi ya Mogadishu tu. Lakini bikizee yule hakungoja tafsiri. Alilirudia jina lile taratibu, akaitazama nishani, kisha akaiweka sakafuni, mbali na miguu yake, kama mtu anayeweka kitu kilichokufa.

Aliyoyasema niliyapokea kutoka kwa Jemal, nami nikawageuzia Ami na Shangazi Rahma kwa Kiswahili. Alisema babake alikuwa mshona matandiko ya nyumbu mjini Addis Ababa. Mwaka wa thelathini na saba, baada ya gavana wa Mtaliano kutupiwa mabomu, alikamatwa pamoja na nyumba nzima ya bwana aliyekuwa akimshonea, wakasafirishwa kwa malori mpaka Danane, yeye Bibi Zeyneba akiwa bado tumboni mwa mamake aliyeachwa nyuma. Babake alirudi baada ya vita, nusu ya mtu, akaishi miaka michache. Katika miaka hiyo kitu alichokisimulia zaidi hakikuwa mijeledi. Kilikuwa maji. Ya visima vya kambini yalikuwa ya chumvi na yalikata watu matumbo. Maji matamu yaliletwa kwa mapipa, na penye pipa alisimamishwa askari mweusi, mtu wa pwani, mwenye bunda la fito na shoka, alama ya utawala ule, kifuani. Aliyenyoosha mkono na kulitukuza jina la dikteta wa Roma alijaziwa kopo. Aliyekataa naye alijaziwa kopo, lakini mgawaji alilimwaga mchangani mbele ya macho yake, polepole, akicheka. Baba yake alikataa mara moja tu, kisha akawa akinyoosha mkono. Alikufa akiuonea haya mkono ule.

Bibi alimaliza kwa kusema kwamba babake hakulijua jina la askari yule, na kwamba huenda wagawaji walikuwa wengi. Akauliza kama wetu alikuwa yeye au mwingine. Ami Mwadini, ambaye hajawahi kukosa jibu harusini wala matangani, aliinamisha kichwa. Kwa Wahabeshi kahawa humiminwa duru tatu, na ya tatu ndiyo yenye baraka. Sisi tulitolewa nje hata ile ya kwanza haijaisha vikombeni, kwa heshima, na mlango ukafungwa bila kubamizwa.

Katika barabara ya 270 Shangazi Rahma alimgeukia kaka yake, akamwambia aseme analolijua la sivyo ateremke atembee. Ami akasema. Akasema Babu, alipokuwa akiugua ugonjwa wake wa mwisho, aliwaita wewe na yeye, akawaeleza habari ya mapipa na ya kopo kumwagwa mchangani. Alikuwa hanywi maji ila kwa kulazimishwa. Aliwausia mkiri kwa niaba yake mbele ya watu, muwatafute Wahabeshi popote walipo na muwaombe radhi. Nyinyi mlimwitikia. Na kabla ya arubaini yake, wewe, mwenye kisomo, ulikuwa umeshaigeuza ile aibu kuwa sifa, ukaipigilia msumari ukutani na kuipa jina la Mgawa Maji. Yumna, ambaye Kiswahili hukisikia na kujibu kwa Kiingereza, safari hiyo aliuliza kwa Kiswahili, macho yake barabarani, "Baba, kumbe watu wabaya ni sisi?" Nakuachia wewe swali lake.

Tangu siku hiyo nimesoma, maana nina maktaba kubwa kuliko zote duniani karibu na ofisi yangu na ingekuwa fedheha nisiitumie. Nimesoma jinsi ndege za Mtaliano zilivyonyunyiza sumu juu ya vijiji na mito ya Uhabeshi, ilhali serikali yake ilikuwa imetia saini mkataba wa kuikataza. Nimesoma siku tatu za Addis Ababa, watu wakichomwa ndani ya nyumba zao na makundi yaliyovaa mashati meusi. Nimesoma watawa waliopigwa risasi katika monasteri yao, na vijana wasomi waliowindwa mmoja mmoja kwa kosa la kusoma. Nimesoma viapo vya walionusurika Danane, vinavyodai kwamba karibu nusu ya walioingia hawakutoka. Na vita vilipokwisha, hakuna jemadari hata mmoja aliyefikishwa mbele ya mahakama ya kimataifa kwa yale aliyowatenda Wahabeshi. Utawala ule haukusimama kwa majemadari peke yao, Baba. Ulihitaji mtu wa kushika kopo.

Wewe ulisomesha historia maisha yako yote. Wanafunzi wako wangali wanasimulia jinsi ulivyokuwa ukilia darasani ulipofika kwenye kambi ambazo Mwingereza aliwafungia watu wa Kenya. Uliwalilia watu wa kambi ya Hola, kisha ukarudi nyumbani ukakaa chini ya nishani ile na kunywa chai. Sijui neno la kukuitia. Lugha uliyonifunza ni tajiri, lakini hapo imeniishia.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe.

Juma lililofuata Bibi Zeyneba aliniita peke yangu. Alisema hanidai mimi damu ya mtu ambaye nilizaliwa kaburi lake limeshaota nyasi. Alitaka kitu kimoja: mwenye nyumba iliyoitundika nishani, yaani wewe, umwambie kwa kinywa chako kwamba lililotendeka Danane lilikuwa dhuluma na kwamba aliyelitenda alikuwa baba yako. Basi. Akilisikia, atampa Hayat radhi. Na Hayat alikuwa ameshaniambia kwamba bila radhi ya nyanya aliyemlea haolewi na mtu.

Unakumbuka nilikupigia kutoka sebule ile ile. Hayat alikuwa kazini; tulikuwa mimi, Bibi na Jemal. Nilikueleza takwa lake kwa unyenyekevu. Nawe ulijibu hivi, nayaandika ili usije ukayakana: "Mwambie bikizee huyo vita vimekwisha zamani. Na kama babake alipata kopo kwa kunyoosha mkono, basi alinywa, ashukuru. Wewe wapambie maneno hao, upewe mke wako." Ukacheka. Bibi alikuona kwenye kioo cha simu ukicheka, akaniuliza kwa macho umesema nini.

Nikapamba.

Nilimwambia Jemal kwa Kiingereza fasaha kwamba baba yangu amekiri, kwamba ameomba radhi kwa niaba ya ukoo mzima, na kwamba kile kilichoonekana kicheko ni kwikwi za mzee aliyezidiwa na kilio. Jemal akageuza. Bibi Zeyneba akalia. Akanishika kichwa kwa mikono miwili akanibusu kipajini, akasema kwamba babake leo amelala. Nikatoka pale na mke na tarehe ya nikaha. Nilifikiri nitafurahi.

Kwa muda nilijiambia kwamba nimeleta amani. Nikajiambia pia kwamba hadhi yangu, kazi yangu, na mustakabali wangu haviwezi kuzuiwa na maiti wa Danane. Kisha nikamsikia Hayat akiwahadithia rafiki zake habari za baba mkwe wake aliyelia mbele ya nyanyake, akikusifu, akisema kwamba Waswahili ni watu wa utu. Hapo nikaelewa kwamba wewe ulitundika uwongo ukutani kwako, nami nimeutundika ndani ya nyumba ya mwenye msiba.

Nikamwambia Hayat kila neno. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba atakayemwambia nyanyake ni mimi, si yeye, na kwamba hatanipunguzia hata sentensi.

Jana nilikwenda. Bibi Zeyneba alinitaka niyaseme maneno yako kwa Kiswahili kwanza, kama ulivyoyasema, apate kusikia yalivyotamkwa. Ndipo Hayat akamgeuzia kwa Kiamhari. Lilipofika neno la kushukuru kwa kopo, Hayat alisita. Nyanyake akamwamuru aendelee. Yalipokwisha, Bibi akasema radhi aliyoitoa ameirudisha mikononi mwake, kwa kuwa ilinunuliwa kwa sarafu bandia. Hayat ni mtu mzima, ataolewa akitaka, naye hatomlaani. Ila babake hakulala, na yeye Bibi atamkesha mwenyewe kama zamani.

Hayat amenikubali, Baba, lakini nikaha yetu itakuwa ndogo, hapa Herndon, na kiti cha nyanyake kitakuwa kitupu. Hilo nimelifanya mimi kwa ulimi wangu, na wewe kwa wako. Ami Mwadini atakuwa shahidi. Ndiye aliyeomba, na ameshakwenda Annandale peke yake kukiri aliyousiwa na Babu. Bibi alimsikiliza akiwa mlangoni. Hakumkaribisha ndani, wala hakumfukuza.

Wewe usije. Usimtume mtu, wala zawadi. Bibi Zeyneba ana umri mkubwa na moyo wake ni dhaifu, na nambari ya Jemal nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Siku utakapokuwa tayari, mpigie, useme mwenyewe, naye Jemal atamgeuzia. Mimi sitakuwepo katikati. Ukichelewa akatangulia mbele ya haki, basi utakuwa umelimwaga kopo hilo wewe, si Babu, nami sitakuwa na mtoto wa kumpa jina lako.

Nisalimie Mama, umwambie namwomba anisamehe kwa kuwa ataikosa harusi yangu. Wasalimie majirani wa mtaani na wanafunzi wako wa zamani wanaokuja kukutazama. Mola akupe umri wa kutosha kuinua simu.

Ni mimi mwanao,
Riyadh Athmani Shee