Miskin wa Selim na maskini wetu

Alhamisi, Basotu. Upepo una vumbi tangu asubuhi, lakini nina furaha ya mtu aliyeokota kitu njiani.

Leo nusura tukose kisima kwa sababu ya neno moja.

Selim, fundi Mturuki anayetuchimbia kisima kijijini, alimkuta shemeji yangu Gidamis amejilaza kivulini wakati wenzake wanabeba mabomba. Akacheka, akamwambia, "Miskin!"

Gidamis akainuka kama aliyeumwa na siafu. "Ananiita maskini? Mimi? Wale ng'ombe pale ziwani ni wa nani?" Akaondoka. Vijana wote wakamfuata, mashine ikazimwa.

Wakaniita kutoka shuleni, maana mimi ndiye mwalimu wa Kiswahili. Nikamwamkia baba mkwe shikamoo, akaitikia bila kunitazama. Nikajua mambo yameharibika. Mimi ni Mwiraqw niliyeolewa kwa Wabarbaig, watu wa kufuga, na hilo nilijifunza mapema: mwenye ng'ombe humwiti maskini, hata kwa utani.

Selim alikuwa ameshika kichwa. Nikalitafuta neno kwenye simu. Kumbe kwa Kituruki cha leo ni mtu mzembe, mvivu.

Nikawafuata akina Gidamis, nikawatafsiria. Mvivu nalo si sifa!

Gidamis akacheka. "Mvivu, sawa. Nililala kweli. Lakini maskini, hapana!"

Mashine ikawashwa. Mimi nikabaki nimesimama, nasoma kwenye simu. Waturuki walilipata neno kwa Waarabu, kama sisi. Na nyuma kabisa liko kwa Waakadi, watu wa Babeli ya kale, kwenye vibao vyao vya udongo: mushkenu. Hata "tajiri" asili yake ni hukohuko! Wapo wanaodai Kiakadi na Kituruki viliazimana maneno moja kwa moja, zamani sana. Wataalamu wengi hawakubali. Mimi sijui. Ila neno hili limezunguka dunia, likakutana na ndugu yake hapa Basotu, wakagombana.

Miaka yote nalifundisha, sijawahi kujiuliza limetoka wapi.

Nilipomweleza baba mkwe, alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Hao watu wa kale, walikuwa na ng'ombe?"

Sasa nimekaa mlangoni, ugali sijasonga, natafuta ng'ombe wa Waakadi.