Pijo ya Baba

Mata, 3 Machi 2024

Dada Wakesho,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, mvua bado, ndizi tunazinywesha kwa mfereji. Baba anaendeleaje? Mwambie namsalimia.

Nimeona niandike karatasi nimpe Musyimi, huyu anayenipelekea ndizi soko la Voi, kwa sababu kwa simu tutakosana. Ameniambia amekuona hapo Kaloleni umelala chini ya ile pikapu ya baba, Pijo, umevaa ovaroli, na baba ameketi kando anakuelekeza. Ati gari sasa ni yako.

Wakesho, mimi ndiye kifungua mimba. Nikiwa mdogo, nikiisogelea tu hiyo pikapu nafukuzwa: "Toka hapa, utapoteza nati." Spana sikuwahi kupewa hata niishike. Leo wewe unafundishwa. Jana chakula cha jioni nilikiona hakina ladha, Mwende akaniuliza kama ninaumwa.

Tena gari kuukuu haipakwi rangi juu juu. Kutu itaila kwa ndani, na watu watacheka.

Ni mimi kakako,
Thadeus


Kaloleni, Voi, 12 Machi 2024

Kaka Thadeus,

Asante kwa salamu na kwa ule mkungu wa ndizi. Wifi Mwende hajambo? Baba ni mzima, ila mkono wa kushoto tangu apooze haujarudi, ndiyo maana ananielekeza kwa mdomo. Gari ni ya kumpeleka kliniki.

Kutu tunaijua. Milango ilikuwa inaoza kwa sababu vile vitundu vya chini vya kutoa maji vilizibwa na hili vumbi letu jekundu. Nimevizibua kwa waya. Palipoanza kutu nimekwangua kwa brashi ya waya mpaka chuma kikang'aa, nikapiga msasa, ndipo nikapaka rangi ya kuzuia kutu. Baba hakubali nipake kabla hajapapasa mwenyewe. Juzi alisema "bado," nikaanza upya, na jua lilikuwa kali.

Njoo Jumamosi yoyote. Spana zipo.

Dadako,
Wakesho


Kaloleni, Voi, 9 Juni 2024

Kaka,

Natumaini nyumbani kwako wote ni wazima. Huku tupo.

Baada ya Pasaka ulikuja nikiwa kazini, ukamwambia baba unaazima gari siku chache ubebe ndizi. Sasa ni Juni, na simu hupokei. Baba anaenda kliniki kwa bodaboda. Namfunga na dereva kwa leso kiunoni asianguke, halafu nafuata nyuma kwa miguu.

Gari sikuombi. Nakuambia tu la kufanya, kwa sababu Musyimi anasema umeifunika na turubai la nailoni. Litoe. Unyevu ukifungiwa ndani hauna pa kwenda, unakula chuma. Na ukipita kule upande wa Ziwa Jipe, lile tope lina chumvi. Suuza chini siku hiyo hiyo.

Tena usidhani ni wewe pekee mwenye wivu. Mimi ndiye ninayempikia baba na kumfulia, na kukwangua kutu mpaka kucha zinakatika. Lakini gari yoyote ikipunguza mwendo hapo nje, anainua kichwa: "Ni Thadeus?" Mimi hajawahi kuniulizia, kwa kuwa niko. Kuna siku natamani kwenda mbali, nami niulizwe.

Dadako,
Wakesho


Mata, 27 Agosti 2024

Dada Wakesho,

Pokea salamu zangu, na za Mwende. Barua yako niliipata. Kwanza nilikasirika, ndipo nikakosa uso wa kukujibu.

Ile gari niliifunika kwa sababu sikutaka mtu mwingine aiguse, hata kwa macho. Nilipotoa turubai, kapeti ilinuka uvundo. Nikaingia upande wa dereva, kisigino kikatoboa sakafu, nikajikuta nimekanyaga ardhi. Mwende alianza kucheka, akaniona uso, akanishika mkono nitoke.

Nilikata ile sehemu iliyooza, na Obadiah, fundi wa Bomeni, akanichomelea bati. Mengine nimeyafanya mwenyewe, barua yako ya Machi ikiwa kando yangu. Nilipaka rangi kabla ya wakati, ikavimba. Nikakwangua, nikaanza tena.

Jumamosi niliirudisha. Nilikuta wewe umeenda harusi Wundanyi. Baba alikuwa ameshatoka mlangoni, ameegemea ukuta. Hakunigombeza. Alisema, "Fungua nione." Nikamkalisha kwenye kiti cha dereva, akashusha mkono ulio mzima mpaka sakafuni, akapapasa pale penye bati, polepole, muda mrefu.

"Hii ni kazi safi," akasema. "Wakesho ana mkono."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema ni mimi. Mimi nina miaka arobaini na sita, na neno hilo nimelingoja tangu nilipokuwa nikifukuzwa kando ya hiyo gari. Nikakumbuka uliyoniandikia mwezi wa Juni. Nikasema, "Ndiyo, baba. Anao."

Iliniuma, Wakesho. Hata sasa nikiandika inaniuma.

Funguo zote nimemwachia yeye. Jumamosi nitakuja tena, tuziangalie madigadi za magurudumu ya nyuma pamoja, kama utakubali. Na akikuuliza habari za ile sakafu, sema ni wewe.

Kakako,
Thadeus