Pikipiki ya Mkunga

Kurui, Machi 1978

Kaka Kondo,

Shikamoo. Sisi wazima, mihogo imeshika vizuri. Kijiji kilinitaka mimi, mkunga wao, nichague pikipiki. Moja nyepesi, mchangani inapita bila shida, ila petroli yake lazima uichanganye na oili, na oili madukani imeadimika. Nyingine nzito, oili yake inakaa ndani ya injini.

"Chukua nyepesi, Mwanahalima," mwenyekiti alisema. "Hiyo nzito itakulalia."

Nilihofia kukosa oili siku ya shida, nikachukua nzito. Jana iliniangusha mara mbili.

Sikukwambia kwamba binti yangu Zubeda ni mjamzito. Leo amevimba uso, macho hayaoni sawasawa. Nampeleka hospitali Kisarawe mwenyewe. Pikipiki imeshawaka. Nimemwambia tukiyumba asiniachie kiuno.

Tuombee.

Mdogo wako,
Mwanahalima