Mzizi wa Hellen

Misungwi, 12 Novemba 1996

Mjukuu wangu Wilhelmina, mchumba wangu,

Marahaba. Mvua imegoma, ng'ombe wazima. Barua yako nimeisoma mwenyewe, bila kusomewa! Unasema huko maabara mmepima mzizi wangu, mkaona unakatakata vinasaba vya chembe hai, ila majani yake yanavilinda. Nimecheka sana. Dawa yangu naionja mimi kabla ya mgonjwa, miaka arobaini, na meno ninayo yote. Hao wataalamu wako wameonja nini?

Lakini mimi sijawahi kubeba mimba. Dada yako Hellen ana miezi mitatu, na mzizi huo nimemnywesha kwa ajili ya kichefuchefu. Jana aliulizia kibuyu chake cha dawa hiyo. Mimi nisiyeogopa mtu nikamwambia kimepasuka. Njoo, mama, umwambie wewe.

Babu yako,
Ndalahwa