Togwa ya Siku ya Kulima

Mtera, Jumapili

Baba Neema, mume wangu,

Habari za huko Chemba? Usingizi umerudi? Neema anakula vizuri kwa bibi yake? Mimi ni mzima, ila mikono inanuka samaki hata nikiisugua kwa ndimu. Kazi ni ileile, asubuhi kupara perege, mchana kuwakaanga, jioni kuwapanga kwenye matenga ya tajiri.

Ninaandika kwa sababu nikipiga simu huwa uko na watu wa kikundi chenu cha walioacha pombe. "Subiri kidogo, Mama Rehema anasema jambo." Nasubiri. Vocha inaisha, Mama Rehema bado anasema.

Nitasema wazi, namwonea wivu yule mama. Si wivu wa mapenzi, ana umri wa mama yako. Ni mbaya zaidi ya huo. Miaka tisa nimekuokota njiani, nimekuvua viatu, nimeficha jembe usije ukaliuza, nimelia, nimetukana, nimesali. Hukuacha kunywa. Akaja mjane aliyekuwa akiwapikia pombe kijiji kizima, akaacha mwenyewe, akawakusanya ninyi wanywaji wake kwenye ghala la kijiji kila Alhamisi, na msimu mmoja haukuisha ukawa umeacha. Watu wananipongeza mimi! Naitikia asante huku roho inaniuma. Hamu ikikushika unamkimbilia yeye, mimi nasikia baada ya wiki.

Sasa nije kwenye siku ile ya kulima. Tangu zamani kwenu mwenye shamba akiita watu huwalipa kwa pombe, na kikundi chenu kikageuza, mnalimiana kwa zamu na malipo ni uji wa Mama Rehema. Zamu yetu ilipofika niliomba ruhusa, nikapanda mabasi mawili, ili safari hii mnywe cha kwangu. Nilipika togwa ya mtama kama tunavyopika kwetu Zuzu, nikazidisha kimea iwe tamu kuliko uji wake. Halafu mvua ikanyesha, mkaahirisha siku mbili. Togwa ikabaki mtungini na joto lile.

Siku yenyewe mlipopumzika mlikuwa mnacheka kwa lugha yenu ya vidoko, ndimi zinaalika, mimi sielewi hata neno, nagawa vikombe. Mama Rehema akainua chake, akakishusha. Akageukia Kiswahili ili nami nisikie.

"Hii imeshakuwa pombe. Wekeni vikombe chini, wanangu."

Chako kilikuwa kimefika mdomoni. Ulikitazama kwa muda mrefu mno. Kisha ukamwaga, na bado ukanitetea.

"Ni joto tu, mama. Mke wangu hakujua."

Nikadakia, "Sikujua." Kesho yake nikaondoka nimenuna, kana kwamba mimi ndiye niliyekosewa.

Baba Neema, nilijua. Alfajiri ya siku ile nilifunua mtungi nikanusa. Nimekulia jikoni kwa mpika pombe, pua yangu haikosei. Nilikuwa nimeshaushika nikamwage. Ndipo nikamsikia Mama Rehema uani, amekuja na sufuria yake ya uji, "togwa isije ikapungua." Nikaufunika tena. Sikutaka ulewe, Mungu ananijua. Nilitaka siku moja tu ushukuru mkono wangu, na kwa ajili ya asante ningekurudisha kulekule.

Hilo ndilo limenikosesha usingizi huku. Ukitaka kunifukuza, nitakuelewa.

Msalimie mama, mpe shikamoo yangu, mwambie samaki wakavu nimempa kondakta wa basi la Kondoa. Neema mwambie nimemnunulia soksi za shule. Na Mama Rehema naye mpe shikamoo. Alinitazama siku ile niliposema sikujua, kisha akaanza kukusanya vikombe. Nadhani alijua kwamba najua.

Ukimaliza kusoma haya, hamu itakushika, nakufahamu. Usikae nayo peke yako humo ndani. Funga mlango uende kwa Mama Rehema, sasa hivi, nimekutuma mimi. Ila ukitoka kwake, hata kama ni kwa matusi, nipigie.

Mkeo,
Mama Neema