Mama Ambaye Sikumsoma

Jumanne, Kansanga

Mwalimu wangu wa darasa la jioni amesema kweli, hata kama inaniuma. Insha yangu ya kulinganisha akina mama wa hadithi mbili imerudi na maneno haya: "Mmoja umempenda. Mwingine hukumsoma."

Nilikasirika, kisha nikazisoma tena hadithi zote mbili. Yule mama mkali niliyemwita jiwe kwenye insha, kila alfajiri humchemshia mwanawe maji ya kuoga. Nilipita hapo bila kuona!

Nikamsimulia Okello wangu, mume mtamu kuliko wote Kampala. Akacheka. "Na mama yangu je, umemsoma?"

Moyo ulinilipuka. Tangu harusi nampima mama mkwe kwa mama yangu, na kila mara anashindwa. Mama yangu angenikumbatia. Yeye, tulipokula kwake mara ya kwanza, alinitazama tu, akaniwekea kipande cha samaki kikubwa kuliko cha mwanawe. Nikaushika moyoni ule mtazamo. Samaki nilimla nikamsahau.

Naogopa. Labda ameshaniona mwenye kiburi, na mpenzi wangu atabaki katikati yetu, akivutwa huku na...

Nimemwahidi Okello: mwezi huu hautaisha kabla hatujaenda Luzira kwa mama yake, na nitakaa naye jikoni.