Hekima za Uajemi na Mkono wa Mama Jeruto

Munyaka, Eldoret

Baba mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta na nguvu, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa palizi kimepoa. Mimi ni mzima, ingawa baridi ya huku inatufanya tutoke asubuhi tumejifunika kama wagonjwa.

Ninaandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu utanikatiza. Baba, nimefutwa kazi. Soma mpaka mwisho kabla ya kumwita mzee wa kanisa aniombee.

Ulifurahi sana nilipokuambia kwamba Mkurugenzi wetu, mwenye shule hapa mtaa wa Pioneer, ni msomaji wa mashairi ya Waajemi wa kale. Ulisema mtu anayependa hekima hawezi kuwa mwajiri mbaya. Huyu haipendi, Baba. Anaivaa, kama koti la harusi. Alinunua kitabu kimoja cha tafsiri uwanja wa ndege, na tangu hapo kuta zetu hazijapumzika. Maneno ya ukarimu aliyaandika kwa rangi getini, wazazi wanakopita. Ya subira akayapeleka chumba cha walimu. Jikoni akaweka ya shukrani.

Mpishi wetu, Mama Jeruto, alimwomba mara nyingi abadilishe sufuria kubwa ya uji kwa sababu mshikio wake ulikuwa umelegea. Mkurugenzi alimjibu kwa hadithi ya maskini wa Uajemi aliyeridhika na mkate mkavu. Mama Jeruto alirudi jikoni akauliza, "Huyo maskini alikuwa anapikia watoto wangapi?"

Siku ya kuwapa wanafunzi zawadi, mshikio ulikatika. Uji uliokuwa ukichemka ulimwagika kwenye mkono wake wote wa kulia. Nilisikia mayowe yake nikiwa ofisini, nikakimbia. Dereva, Kiprono, alikuwa ameshafika, lakini funguo za gari la shule zilikuwa kwa Mkurugenzi.

Nikaenda jukwaani mbio. Mkurugenzi alikuwa anawahutubia wazazi kuhusu huruma: jinsi wenye busara wa Uajemi walivyowafundisha wafalme kusikiliza kilio cha wanyonge. Nikamnong'oneza. Akafunika maikrofoni kwa kiganja.

"Mwambie angoje. Namalizia."

"Ngozi inatoka, Mkurugenzi."

"Nimesema namalizia! Usiniaibishe mbele ya wazazi."

Kisha akatabasamu, akaendelea na huruma yake.

Funguo zilikuwa mezani, kando ya kitabu. Nilizichukua wazazi wote wakiniangalia, nikashuka. Nikamwambia Kiprono, "Ukiulizwa, sema nimekulazimisha." Tulimfikisha Mama Jeruto hospitali. Daktari anasema vidole vitapona, lakini kiwiko kitachukua muda.

Jumatatu Mkurugenzi aliniita. "Wewe ni mwizi," akasema.

"Basi waite polisi. Nitawaeleza nilichoiba na kwa nini."

Akafunua kitabu chake, akapekuapekua kurasa kama mtu anayetafuta miwani. Hakupata kitu. Akaniambia nitoke, nisirudi. Nilitarajia kulia, Baba, lakini sikuona mtu wa kunitoa machozi pale.

Usihangaike. Nimepata kazi mjini Burnt Forest, katika duka la dawa za mifugo. Mwenye duka ni mama wa maneno machache. Sijui bado ni mwema au mbaya, lakini angalau hajanisomea chochote.

Jana nilienda kumwona Mama Jeruto. Nikamkuta Mkurugenzi wodini, amevaa suti, na mpiga picha nyuma yake. Alikuwa amesimama kando ya kitanda akisoma shairi kuhusu maumivu, kwa sauti ya mahubiri. Mama Jeruto alimwacha asome kidogo, kisha akasema taratibu:

"Mkurugenzi, mkono yangu imefungwa. Nifungulie hiyo chupa ya maji nikunywe."

Akaitazama chupa. Akakitazama kitabu mkononi mwake. Halafu akamgeukia mpiga picha. "Hebu kamwite nesi."

Nilimfungulia mimi. Mama Jeruto alipokuwa akinywa, yule bwana akatafuta mstari alioishia, akaendelea kusoma.

Mwambie Mama nimeipata ile sweta na ninaivaa. Msalimie nyanya, na kaka yangu Wafula umwambie aache kukubishia kuhusu shamba. Na wewe, Baba, chunga hicho kifua. Usitoke na umande.

Ni mimi binti yako anayekukumbuka,
Nekesa